Wawili kwa Anwani Moja

Akifungua laptopu yake tu, najua nakatwa mtandaoni. Haki ya Mungu, sikuwa namshuku bure. Ofisi ya Kakuma ilikuwa na makarani wawili: mimi, na jamaa wa Sudan Kusini aliyekuwa akiishi kambi ya wakimbizi. Faili zote zilikuwa makao makuu, Lodwar, na kuzifikia lazima upite kwenye VPN, ile njia iliyofungwa ambayo mtu wa nje haoni kinachopita ndani. Naingia, nafanya kazi kidogo, mara nimetupwa nje. Nikigeuka, yeye anapiga kibodi, uso mkavu. Ripoti zangu zikachelewa, na bosi wa Lodwar alishatuambia anayechelewa asitegemee mkataba mpya.

Basi nikamchunga. Nilisogeza meza ili nione skrini yake. Akitoka nje, nachungulia. Hata ile "Ejok, dada" yake ya kunisalimu asubuhi niliitikia kwa mguno. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia.

Kisha akaenda Lokichoggio kwa matanga, wiki nzima. Na wiki nzima sikukatwa hata mara moja! Aliporudi, hata pole sikumpa.

"Hukuwepo, haikukatika. Unanifanyia nini wewe?"

Akanitazama. "Na wewe ulipoenda Kataboi kumwona mama, yangu pia haikukatika. Mimi nikajua ni wewe."

Tukajaribu. Yeye akaingia, akatulia. Mimi nikaingia, yeye akaanguka. Akaingia tena, mimi chini. Nikaitazama ruta, kile kisanduku cha mtandao pale ukutani, kuukuu, imejaa vumbi, nikatamani kuitemea mate. Ilikuwa inatutoa sote wawili kwa anwani moja, na majibu ya Lodwar yanarudi yamefungwa, haioni ni ya nani. Ni kama kifurushi kilichoshonwa kikaandikwa "Kakuma" tu: konda anampa aliyeita mwisho. Tungepata ruta mpya inayojua kututenganisha, yangeisha.

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

"Dada, mimi nilishaandika Lodwar. Kabla ya matanga. Nilisema unanikata makusudi."

"Andika tena basi, useme ni ruta!"

"Nitaandika," akasema, macho yake chini.

Bosi akapiga simu kabla sijamaliza chai. Nikamweleza yote. "Huku kwangu ruta yenu inaonyesha kijani, haina shida," akasema. "Lisemwalo lipo, mama. Kaa nyumbani kwanza, tuone."

"Mtaona nini? Akibaki mtu mmoja haitakatika!"

"Si ndicho tunachotaka?"

Nilikaa nyumbani. Nikampigia mwenzangu simu: umewaambia? Nilisikia kibodi yake kwanza, ndipo sauti.

"Dada, tangu uondoke haijakatika. Nikisema ni ruta, wataniuliza mbona inafanya kazi. Na mimi pia mkataba wangu uko mezani kwao."

Nikakata simu. Hata mimi, kama angekuwa yeye aliyefukuzwa, sijui ningesema.

Mwishowe dereva wa Lodwar akaja kwangu kuchukua laptopu. Mtu mpole, tunajuana miaka. Aliiweka kwenye gari, akarudi mlangoni, akainamisha kichwa.

"Lakini mama," akaniuliza, "ulikuwa unamkata yule kijana kwa nini?"