Jioni Tuliyoshuka Ziwani Elementaita

Harufu ya mafuta ya mbuzi yakidondokea makaa ndiyo iliyokuwa saa ya nyumbani kwetu. Asubuhi ilikuwa hafifu, majiko yakiwa ndiyo mwanzo yanawashwa. Ikifika adhuhuri ilikuwa imeingia kila mahali, kwenye mapazia, kwenye sweta zetu za shule, hata kwenye chai. Tulikaa Kikopey, nyuma ya safu ya bucha zilizo kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru, na baba yangu alikuwa mchoma nyama. Bucha haikuwa yake, yeye aliajiriwa tu, lakini wasafiri walimjua na kumwita Baba Shiru, nami kwa kuwa Shiru ndiye mimi, nilijiona mtu maarufu. Kuanzia viwiko hadi vidole mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja. Moto ulikuwa umekula nywele zote. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo baba wa wenzangu walikuwa nyumbani, yeye ndipo alipofanya kazi zaidi. Usione vyaelea, vimeundwa. Wale waliokaa kivulini wakiguguna mbavu hawakujua kwamba mchomaji wao alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyemwona akiwa amelala tu.

Chini bondeni, upande wa pili wa barabara, lilikuwepo Ziwa Elementaita. Tuliliona kila siku kama mtu anavyoiona picha iliyotundikwa ukutani kwa jirani. Wageni walikula kwetu, wakanawa mikono, wakashuka huko kutazama jua likitua, nasi tukabaki kuwaoshea sahani. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa nimewahi kukanyaga ufuo wake.

Kisha ukaja mwanzo wa mwaka wa 2008. Baada ya uchaguzi watu waligeukiana, na barabara ile ambayo kelele zake zilikuwa zikitubembeleza ikanyamaza. Kufikia Aprili, shule zilipofungwa na mvua za masika zikaanza, amani ilikuwa imerudi, ila wateja hawakurudi nayo. Katika majiko manne ya bucha ya tajiri wa Baba, liliwashwa moja. Baba alianza kurudi nyumbani saa nane mchana. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, mikono magotini, kama mtu aliyefika mapema kwenye mkutano na hajui aongee na nani. Mimi na mdogo wangu Tito tulifurahi sana kuwa naye. Utoto ndivyo ulivyo. Tulikula matunda ya shida bila kujua mti wake.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, Mama alimwambia, "Baba Shiru, twende ziwani. Miaka kumi na moja naliangalia tu kutoka hapa."

"Tutaenda na nini?"

"Na miguu."

Baba alicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Mama alichemsha viazi vitamu, akajaza chupa ya chai, akakunja shuka moja kuukuu ya kukalia. Tulivuka barabara tukashika njia ya kuteremka, Tito akiwa mabegani kwa Baba. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelaza vumbi, na vichaka vya leleshwa kando ya njia vilinukia ile harufu yake kali ambayo hadi leo nikiisikia nafikiria Jumapili. Tulitembea zaidi ya saa moja hadi tukafika kwenye lango lililopakwa rangi ya kijani. Askari alitutazama viatu kabla ya nyuso.

"Boss, hapa ni kulipa. Kila mtu, hata huyo mdogo."

"Sisi si wageni, ni wa hapa juu tu, Kikopey," Baba akasema.

"Najua. Ni wewe ulinichomea nyama Desemba. Lakini si mimi hupanga."

Baba hakubishana. Alimshusha Tito, akamrudisha tena mabegani, kana kwamba hilo ndilo lililotusimamisha, akageuka. Sikuwahi kumwona akigeuzwa mahali. Shingo yake ilikuwa imetoa jasho jingi kuliko lile analotoa mbele ya jiko. Tungerudi nyumbani, nina hakika, lakini nyuma yetu alikuwa akija mwanamke aliyebeba beseni la nguo kichwani, na Mama hakuona haya kuuliza. Mficha uchi hazai.

"Mathe, hakuna njia ingine ya kufika kwa maji?"

"Hiyo geti ni ya wageni," yule mwanamke akajibu. "Sisi tunapitanga kwa njia ya ng'ombe. Nifuateni, naenda kufua."

Njia ya ng'ombe ilizunguka ua, ikapita kati ya mawe meusi, ikatufikisha kwenye chemchemi za maji moto. Wanawake walikuwa wakifua upande wa chini, watoto wakioga upande wa juu, mvuke mwembamba ukipanda. Baba alikunja suruali, akaingiza miguu, akafumba macho. "Huu sasa ndio moto wa kukaa nao," alisema. Tuliogea hapo hadi vidole vikakunjamana, tukala viazi, kisha tukasogea ufuoni. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa magadi, ikivunjika chini ya nyayo kama maganda ya mayai. Flamingo walikuwa wengi mno, na sauti yao ilikuwa kama ya waumini wanaonong'ona kabla ibada haijaanza. Jua lilikuwa linaelekea milima ya Mau, na maji yote yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha ya waridi.

Tito alikuwa amesinzia mgongoni mwa Mama. Baba akaniita nikae karibu naye kwenye shuka.

"Shiru, kuna mteja wangu wa Nairobi. Amefungua hoteli huko. Anataka nikamchomee."

"Utakuwa ukirudi jioni?"

"Hapana. Nitakaa huko. Nitakuja nikipewa ruhusa." Akanigeukia. "Wewe unaonaje?"

Hakuwa amewahi kuniuliza swali la watu wazima. Nilimtazama Mama, alikuwa akitazama maji, na kwa jinsi alivyokaza shingo nikajua habari hiyo alikuwa nayo tayari. Nilishika pindo la shuka nikalikaza. Lakini nilikuwa kifungua mimba, na nilijua vile kifungua mimba anavyotakiwa kujibu.

"Nenda tu, Baba. Mimi nitamsaidia Mama."

"Haya," alisema. Jua likazama.

Aliondoka Jumanne. Alikaa Nairobi miaka sita. Karo ililipwa, nyumba ikawekwa saruji, na Tito akakua hadi siku moja alipomwona Baba mlangoni akamwita Mama, "Kuna mgeni." Mimi nilijivunia jibu langu la ufuoni kwa miaka mingi. Niliona ndilo lililotulisha.

Sasa mimi ni muuguzi mjini Nakuru. Wazazi wangu wangali Kikopey. Baba ana maumivu ya miguu na hachomi tena. Mwaka jana niliwachukua kwa gari, tukapita langoni, nikatulipia sote bila kuuliza bei. Ziwa limepanda. Pale tulipotandika shuka ni maji matupu, na nguzo za ua wa zamani zimesimama ndani yake. Tuliletewa viti vyenye mito na chai kwenye birika, na jua likatua vilevile, halikuongeza uzuri wala kupunguza kwa sababu ya kiingilio.

Baba alikunywa chai yake nusu, kisha akasema bila kunitazama, "Siku ile nilikuuliza nikitaka ukatae."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mama yako alikuwa amekubali. Nikasema, labda mtoto atakataa."

"Ningekataa, ungebaki?"

"Sijui. Jiko lilikuwa limebaki moja. Pengine ningeenda tu. Lakini ningeenda nikijua kuna mtu alinikataza."

Mama alijifanya anatafuta kitu mkobani. Mbele yetu ndege wachache walikuwa wakirudi, wachache kuliko zamani, na mwangaza ulikuwa unaondoka kwenye maji.

"Sikutaka uende, Baba," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akakisogeza kiti chake karibu na changu.