Sponji Mbili na Vipimo Vinne

Baada ya kiharusi, mkono wangu wa kulia ulirudi mapema kuliko kichwa. Muda si mrefu nilikuwa nashona tena barazani kwetu Tandika. Lakini nikimpima mteja kiuno, nikiinamia daftari kuandika, namba imeshapotea. Napima tena, inapotea tena.

"Fundi, hicho kiuno umekipima mara nne," mteja mmoja akaniambia akicheka. Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani kulia.

Daktari wa kliniki aliniambia kuna utafiti: umeme mdogo wa betri unapitishwa kichwani kwa nje, bila kisu wala sindano, huku mgonjwa akifanya mazoezi ya kumbukumbu kwenye kompyuta. Hakunificha kwamba huenda usinisaidie.

Mama alipinga. "Umeme kichwani? Shoti ya pasi tu inatutoa roho!"

"Ni betri ndogo, mama. Mie sitaki kubaki wa kukata nyuzi za mafundi wenzangu."

Mama akajitanda mtandio wake, tukaenda wote.

Tulipofika, muuguzi akaniangalia kichwa: nilikuwa nimesuka, sponji zisingegusa ngozi. Akasema nirudi kesho.

"Hatuondoki," mama akajibu. Akanikalisha kwenye benchi la korido, akanifumua msuko mmoja mmoja.

Ndipo muuguzi akazilowesha sponji mbili maji ya chumvi, akazifunga kichwani kwangu kwa mkanda wa mpira. Pakawasha kama pametambaa sisimizi, kisha pakatulia. Kwenye kompyuta viboksi vikawa vinawaka kimoja kimoja, nami nivibonyeze kwa mpangilio uleule. Cha tatu nikakosea. Nilikosea wiki nzima.

"Dada, leo pumzika," muuguzi aliniambia siku moja.

"Washa."

Wiki ya tatu nilishika viboksi vinne. Vitano sikuviweza hadi mwisho. Nikamuuliza daktari kilichonisaidia ni umeme au ni mazoezi.

"Kwa mtu mmoja siwezi kujua," akasema.

Basi nikapanga kazi kufuata hivyo vinne. Napima bega, kifua, kiuno na nyonga, naandika, ndipo naendelea na mikono na urefu. Wateja wawili wamehama, wanasema nachelewesha. Waliobaki wanajua kwamba nikishika tepu sisemeshwi.