Mkalimani Aliyezimiwa Kipaza Sauti

Kuna watu ambao wakikasirika hupiga kelele. Mkalimani yeye akikasirika alizidi kuwa fasaha. Kila neno lilimtoka limenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi, na mdogo wake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alikuwa ameshajifunza kuuogopa ufasaha huo.

Alhamisi moja ya msimu wa joto Mkalimani aliingia ndani, akaweka mkoba mezani, akasema, "Ndugu yangu, leo nimedhalilishwa."

Fundi cherehani akatoa pini mdomoni, moja moja. "Nani tena, Dada?"

"Mkurugenzi. Ameniomba niseme uongo. Tena ameniandikia kabisa kwenye karatasi, eti mzee mimi nisije nikasahau."

Ili kuelewa kwa nini karatasi moja ilimchafua roho hivyo, ni lazima ujue alikotoka. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mkalimani wa mahakama. Mwizi akitukana, alilitoa tusi jinsi lilivyo, sauti kavu, macho hayapepesi, hata mahakimu wageni wakawa wanakohoa kwa haya. Mara moja tu aliteleza. Shahidi mmoja alisema, "Nadhani ni huyu," naye kwa uchovu wa mchana akatafsiri, "Ni huyu." Mshtakiwa akafungwa. Mkalimani akakaa siku mbili chakula hakipiti, na siku ya tatu akaenda mwenyewe kwa hakimu, akakiri. Mpaka kesi irudiwe na yule mtu aachiwe, miezi minne ilikuwa imepita. Tangu hapo aliwaambia wakalimani wapya wote, "Kuna mtu amelala gerezani miezi minne kwa sababu ya neno *nadhani*. Msiongeze, msipunguze."

Alipostaafu, jumba la makumbusho ya sanaa lilimwita. Kila msimu wa joto, Jumamosi saa kumi alasiri, walionyesha filamu za nchi za mbali katika ukumbi wa chini, nyuma ya chumba cha sanamu. Hakukuwa na kiingilio. Mapazia meusi yalifunga madirisha, feni nne zilizunguka, na wengi walikuja kwanza kukimbia jua, kisha wakanogewa. Shida ilikuwa lugha. Maandishi yalipita mbio chini ya picha, na nusu ya watu ama hawakujua kusoma, ama miwani yao ilikuwa imechoka kuliko macho. Ndipo Mkalimani akawekewa kimeza kwenye kona, taa ndogo, glasi ya maji na kipaza sauti, akawa anazungumza kwa niaba ya kila mtu: baba mkali, mchumba muongo, polisi, mtoto wa miaka mitano. Fundi viatu wa pale nje, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja, alisema, "Ni mwanamke mmoja, lakini ukifumba macho unahesabu kumi na wawili."

Alifanya hivyo misimu sita. Msimu wa saba akaja mkurugenzi mpya.

Filamu ya Jumamosi ile ilihusu wanawake wanaofua mashuka ya hoteli katika mji wa baridi. Mmoja wao anaunguzwa mkono na mashine, mwenye kiwanda anakataa kusikia, na mwishoni yule mama anamfuata ofisini na kumwambia ukweli wake. Mkalimani alikuwa ameshaitazama mara tatu, ameandika maneno yote kwenye daftari. Alhamisi hiyo mkurugenzi akamwita, akamkaribisha kiti, akamwagizia hata chai.

"Mama, Jumamosi tuna mgeni rasmi," alisema. "Mfadhili wetu. Ndiye aliyetununulia viti vipya. Sasa, kama unavyojua, na yeye ana kiwanda."

"Cha kufua?"

"Cha sabuni. Lakini si unaona inavyokaribiana?" Akamsogezea karatasi. "Nimependekeza sehemu chache za kulainisha. Kidogo tu."

Mkalimani akavaa miwani. Mahali ambapo mama wa kwenye filamu anasema, "Mashuka yenu yametakata kwa ngozi ya mikono yetu, ila aibu yenu haifuliki," mkurugenzi alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Bwana, tunaomba utufikirie."

"Anaomba?" Mkalimani aliuliza. "Mkono umeungua mpaka kiwiko, naye anaomba afikiriwe?"

"Mama, hii ni sanaa, si mahakama."

"Basi iache sanaa iseme ilichosema." Aliacha chai vilevile, ikiwa na utando juu.

Fundi cherehani alimsikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Dada, si ungejifanya unaumwa tu?"

"Siumwi. Nina hasira, na hasira si ugonjwa."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi, mzee mnene mwenye shingo inayomwagika juu ya kola, aliketishwa mbele kabisa chini ya feni. Mkurugenzi alikaa karibu naye, akigeuka kila mara kuitazama ile kona. Mkalimani alianza kama kawaida. Wanawake wakafua, wakaimba, wakagombana, mashine ikamuunguza yule mama, na ukumbini mtu akasema, "Maskini wee!" Ikafika ofisini. Mama akafungua mlango. Mkalimani akavuta pumzi, akasema, "Mashuka yenu yametakata kwa ngozi ya..."

Kipaza sauti kikafa.

Alikigonga. Kimya. Akamtazama fundi mitambo, mwanamume mpole aliyefanya naye kazi misimu yote sita, akamwona ameinamisha kichwa, mkono bado uko kwenye swichi. Kwenye picha yule mama alikuwa akifungua mdomo na kuufunga, na watu mia mbili wakaanza kuulizana, "Anasemaje? Anasemaje?"

Mkalimani alisema baadaye kwamba kuzimwa kwenyewe hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kumwona yule mama anapigania haki yake na hakuna anayemsikia, kwa mara ya pili. Akainuka, akalichukua daftari, akapita katikati ya viti mpaka mbele, akasimama kando ya pazia la picha. Alikuwa na miaka sitini na minne na kifua kibovu. Akasema kwa sauti tupu:

"Mashuka yenu yametakata kwa ngozi ya mikono yetu, ila aibu yenu haifuliki!"

Ukumbi ulilipuka. Fundi viatu alisimama juu ya mojawapo ya viti vipya. Na mgeni rasmi, ambaye kumbe alikuwa amesinzia tangu mwanzo, alishtuka, akauliza, "Imeisha?" kisha akapiga makofi pamoja na wenzake.

Yote yale, kwa ajili ya mtu aliyelala! Hilo lilimkera kuliko kipaza sauti.

Jumatatu ikaja barua: huduma zake hazihitajiki tena. Hakuna lililoandikwa kuhusu swichi. Jumamosi iliyofuata maandishi yalipita mbio, na watu wakatoka kabla ya nusu. Lakini mlangoni kulikuwa na kitabu cha wageni, na muuguzi mmoja mstaafu akakaa nacho kwenye kiti, akawaandikia wasiojua kuandika. Fundi viatu alisema aandikiwe hivi: "Mmetuita tuje, halafu mmetuziba masikio. Rudisheni sauti yetu." Kurasa kumi na moja zilijaa, na bodi ya jumba, ambayo kwa kawaida ilisoma pongezi tu, ikazisoma zote.

Wiki tatu baadaye mkurugenzi alibisha hodi nyumbani kwa Mkalimani, akiwa amebeba tabasamu. "Mama, yaliyopita si ndwele."

"Ni ndwele kwako uliyemwamuru fundi azime, au kwangu niliyezimwa?" Hakumkaribisha kiti. "Nitarudi. Filamu ile ionyeshwe tena tangu mwanzo, na fundi asiamriwe tena kugusa swichi. Na uniombe radhi."

Mawili ya kwanza aliyapata. Jumamosi ya mwisho ya msimu wanawake wale walifua tena, na yule mama alisema maneno yake yote, kipaza sauti kikiwa wazi. Fundi mitambo alimletea maji mwenyewe, akasema, "Nisamehe, Dada yangu, niliogopa," naye akamsamehe palepale. Mkurugenzi alikuwa amechukua likizo.

Hilo la tatu, la kuombwa radhi, halijafika mpaka leo. Mkalimani bado anafanya kazi pale, na wakikutana koridoni humwamkia mkurugenzi kwa ufasaha wa kutisha. Siku moja mdogo wake alimuuliza kama hasira haijapoa.

"Haijapoa," alijibu. "Na wala siipepei ipoe."