Mwanangu Anataka Nipige Piano Kwenye Nyimbo Nilizotunga Mwenyewe

Admin, nisitirie jina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, ninaishi Same mjini, ila nimezaliwa na kukulia Gonja. Sikuolewa. Ninamuuguza mdogo wangu, ambaye hapa nitamwita Naza.

Tulipokuwa wasichana kulikuwa na piano kuukuu kanisani, iliyoachwa na wamisionari. Mke wa mchungaji alinifundisha. Naza hakujua kupiga, lakini Mungu alimpa sauti. Nilitunga nyimbo nikiwa napalilia tangawizi, jioni nazitafuta kwenye piano, naye ndiye wa kwanza kuzisikia.

Kilikuwa kipindi cha ruksa, biashara huria ilipoanza. Baba alikuwa amerudi nyumbani baada ya shamba la mkonge kufungwa, sukari ilijaa madukani lakini sisi tuliishia kuiangalia. Mfanyabiashara mmoja wa kanda za muziki alitusikia harusini, akatupeleka Dar es Salaam kurekodi albamu. Nilipiga piano, Naza akaimba. Mama akaugua, nikarudi kumtunza. Naza akabaki amalizie.

Siku moja nipo stendi ya Same, nikasikia piano yangu kwenye redio ya muuza kanda. Nilikimbia kama mwehu. Nikaomba niione kanda yenyewe. Juu picha ya Naza peke yake. Nikageuza: "Nyimbo zote zimetungwa na Naza." Jina langu halikuwepo hata kwenye piano.

Krismasi alipokuja nikamuuliza. "Dada, yule tajiri wa kanda ndiye aliyeandika," akasema. "Toleo la pili tutakuweka." Halikuwepo toleo la pili. Baba akanikataza kulisema. "Unataka watu wacheke nyumba yangu?" Nikanyamaza. Naza aliolewa huko huko, akaalikwa redioni kueleza alivyozitunga, nami nasikiliza nikichambua maharage.

Mumewe alifariki, kisha yeye akapata kiharusi mara mbili. Akaletwa kwangu. Namwogesha, namlisha. Ananiita "mama," hajui kuwa mimi ni dada yake.

Sasa mwanawe, kijana ninayempenda kama wa kumzaa, ni mwanamuziki. Anafanya muziki anaouita indi pop na roki ya piano, vijana wanaufuata mtandaoni. Mwezi uliopita alikuja na uso wa furaha. "Mama mkubwa, nazitoa upya nyimbo za mama, albamu nzima, ili nimuenzi angali hai. Hakuna anayezijua kwenye piano kama wewe. Njoo upige."

Kwa mara ya kwanza nikamwambia: "Mwanangu, nyimbo hizo nilizitunga mimi."

Furaha ikamtoka usoni. "Mama mkubwa, miaka yote hii hukusema. Unasema leo, mama hawezi kujitetea?"

Shahidi sikuwa naye. Wazazi wetu wamekufa, mke wa mchungaji amekufa, yule tajiri sijui aliko. Nikawasha kinanda kidogo alichokuja nacho, nikapiga ule wimbo wa kwanza, pamoja na kipande ambacho hakikuingia kwenye kanda. Nilidhani atasikia na kuelewa. Badala yake Naza, aliyelala pale kitandani, akafumbua macho, akaanza kuimba. Maneno yote, hakukosea hata moja, mtu ambaye hakumbuki jina la mwanawe. Kijana akapiga magoti kando ya kitanda akilia.

Nilipomaliza, Naza akanishika mkono, akatabasamu kwa upole kabisa. "Mama, unapiga vizuri. Nani amekufundisha wimbo wangu?"

Kijana akanigeukia kama mtu aliyepata ushahidi. Nikajua nimeshindwa.

Wanarekodi wiki ijayo. Nikienda, nitaupitisha uongo huu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikikataa, ataniona mwenye wivu kwa mgonjwa, atatafuta mpiga piano mwingine, na albamu itatoka vilevile. Naye ndiye mtoto pekee niliye naye. Vidole vyangu vimeanza kukakamaa, sidhani kama nitarekodi tena.

Ndugu zangu mnaosoma, ninyi mngekuwa mimi mngekwenda? Niambieni, maana mimi nimekwama.