Unga Kwenye Waya

Nilipofika Ainabkoi mara ya kwanza, kijana wa kulima viazi ya watu, mama mwenye shamba alinimiminia mursik kutoka kwa kibuyu. Maziwa ikatoka na madoa nyeusi. Mimi, mtu wa kutoka magharibi, nikajua hawa wanataka kuniua. Nikaangalia huku na huku nikitafuta mahali ya kumwaga. Yule mama akacheka, akasema ni makaa ya mti tu, ndiyo inafanya maziwa ikae bila kuharibika.

"Lakini iwe na kiasi," akaniambia. "Ikizidi, unakunywa jiko."

Nilikunywa. Nyuma ya nyumba palikuwa na mbwa mkali pia, singemwaga hata kama nataka. Tangu siku hiyo, nikiambiwa kitu imechanganywa, nauliza na nini, tena kiasi gani.

Sasa uzeeni, hapa mtaani Huruma, waya ya stima ya chumba chetu iliyeyuka ndani ya ukuta, pale pale mama watoto analaza kichwa. Miguu yake haimbebi tena. Moto ukishika, yeye hakimbii. Mwenye ploti akatuma fundi na waya mpya.

Fundi mwenyewe alikuwa na mdomo. Akasema plastiki ya hii waya imetiwa unga wa mawe, imekuwa ngumu, haiyeyuki ovyo. Unga? Mimi nikiona unga imeingia mahali haikualikwa, najua mtu anaongeza uzito. Nikamwambia hivyo.

"Kwani Mzee, ugali unakulanga ni ya mahindi mzima?"

Mama watoto akacheka kitandani. Msaliti.

Fundi akaweka kipande ya ile mpya juu ya jiko, na ya zamani kando yake. Ya zamani ikadondoka kama mshumaa. Mpya ikasimama. Lakini waya haiishi kwa jiko, inaishi kwa kona. Nikachukua kipande ingine nikaikunja, na pale kwa mkunjo ikageuka nyeupe, kama kisigino wakati wa kiangazi.

"Zungusha hiyo kwa msumari," nikamwambia.

"Haina haja, Mzee."

"Zungusha."

Akazungusha. Plastiki ikapasuka, shaba ikachungulia.

"Wamezidisha," nikasema. "Hii sasa ni kunywa jiko."

Hakuelewa, na sikumweleza. Alitazama ukuta, akamtazama mama watoto, akasema anaenda dukani Pioneer kuleta roli ingine. Akaacha koleo yake juu ya stuli, akatoka pole pole, akapinda pale kwa muuza mandazi. Mpaka leo hajarudi.