Apondi Asogeza Saa ya Ndege

Emmaculate Apondi alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege wa Eldoret wakati kampuni yake, Sosiani Air, ilipoachwa peke yake. Ilikuwa na ndege mbili tu za kukodi, na tiketi zake zote ziliuzwa na shirika moja kubwa la Nairobi. Mkataba ulipoisha, shirika hilo halikuuongeza.

Mkurugenzi, Bwana Ndungu, akasema wataruka wenyewe. Asubuhi ya kwanza ndege ya saa kumi na mbili ya kwenda Nairobi iliondoka na watu saba. Ya pili, watano. Apondi akaanza kuulizia kazi Kisumu.

Hata hivyo, alikuwa akiona watu wakifika saa mbili na kuuliza kama ndege imeshaenda. Akawa anamuuliza kila mmoja anaenda wapi na anarudi lini, na kuandika. Baada ya wiki tatu picha ilikuwa wazi. Wengi walikuwa wagonjwa wa kliniki za Nairobi, wanaotoka mbali kama Moi's Bridge, na alfajiri hawangeweza kufika. Saa hiyo ilikuwa imepangwa ili abiria wawahi ndege za ng'ambo za lile shirika. Hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Ndungu alipokuja Eldoret, aliisoma orodha akiwa amesimama.

"Apondi, nikiisogeza hii ndege na isijae, tunafunga."

"Ukiiacha hapo tunafunga pia, bwana. Labda tutachelewa mwezi mmoja."

Ilisogezwa hadi saa mbili na nusu, ikawa inarudi jioni. Ilichukua miezi minne kujaa, na kabla ya hapo Ndungu alirudisha ndege moja kwa wenyewe na kupunguza wafanyakazi. Bridgit, aliyekaa kaunta moja na Apondi tangu mwanzo, alikuwa kati yao. Siku ya mwisho alikunja koti la kazi, akamwambia Apondi asijilaumu. Apondi alijilaumu.

Sasa ndege ni moja. Ikiharibika, hakuna nyingine ya kuwabeba abiria, na ni Apondi anayewapigia simu mmoja mmoja. Mwezi uliopita alipiga simu thelathini na nne kabla ya chai. Mzee mmoja wa Kapseret alimgombeza sana, kisha akauliza kama kesho kuna nafasi. Apondi akamwandikia kiti cha dirishani.