Wiki ya sita ndiyo inayokula faida

Saa kumi na mbili asubuhi, Paskazia Ndaki anamwaga chakula kwenye vilishio vya banda lake, kata ya Nyahanga, mjini Kahama. Kuku weupe wanakanyagana. Anamnyanyua mmoja, anampapasa kifua, anamwachia.

"Huyu bado siku nne," anasema.

Paskazia (43), mama wa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Martina, alianza kufuga kuku wa nyama mwaka 2021, baada ya kuacha kuuza vitumbua. Wakati ule gunia la chakula la kilo hamsini alilinunua Sh58,000. Leo analinunua Sh80,000.

Ukijumlisha kifaranga, chakula, chanjo na mkaa wa kuwapa joto, kila kuku anayefika wiki ya tano anakuwa amemgharimu Sh8,000 hivi.

Machi mwaka huu alikuwa na kuku 200. Mnunuzi wake, Gregory, anayepeleka nyama kwenye kambi za wachimbaji, aliahidi kuwachukua wote kwa Sh9,000 kila mmoja. Alifika Jumatatu, siku walipotimiza wiki tano.

"Mama Martina, mimi nakupa elfu saba."

"Si tulikubaliana tisa, baba?"

"Basi kaa nao. Nitapita Jumamosi."

Gregory alijua Paskazia hawezi kukaa nao. Kuku 200 wa umri huo wanamaliza zaidi ya nusu gunia kwa siku, na bei yao haipandi.

"Niliingia ndani nikalia," anasimulia Paskazia. "Nilipotulia nikampigia wifi yangu, Lusia. Nikamwambia, njoo na kisu, mimi nachemsha maji."

Siku hiyo walichinja kuku arobaini, wakawapeleka kwa mama lishe wa stendi, ambao walitoa Sh9,000 ileile. Kesho yake arobaini wengine. Ijumaa jioni banda lilibaki maranda matupu.

Gregory alipopita Jumamosi alikuta Paskazia anafagia.

"Umewapeleka wapi?"

"Wameliwa, baba."

Baada ya kutoa chakula cha siku zile na nauli ya bajaji, faida ilikuwa Sh70,000 badala ya Sh200,000 alizotegemea.

Siku hizi anaingiza vifaranga hamsini tu kila wiki, na mama lishe wanaweka oda mapema. Anachokitafuta sasa ni friza.

"Nikiipata, kuku akitimiza wiki tano anachinjwa, hali tena chakula changu," anasema. "Mnunuzi akija na bei yake, tutaongea bila mimi kuwa na haraka."